Bangili ya Bwana Pole

Bwana Pole hakuwa mgonjwa, lakini benchi la kliniki ya damu lilimjua kuliko wagonjwa wote. Jina hilo alipewa na mji, maana hakuna aliyejua kulitamka neno "pole" kama yeye. Akikupa pole unajiona umefunikwa blanketi, na ukishatulia ndani ya blanketi anakuuzia kitu. Wezi wa mifukoni aliwadharau sana. Yeye, alisema, hufanya biashara na watu wenye akili zao timamu, na kama wakifika nyumbani akili hazipo, hilo si jukumu lake.

Asubuhi hiyo bidhaa ilikuwa bangili. Aliisokota mwenyewe kwa waya wa shaba alioutoa kwenye ngazi yenye giza ya nyumba moja nyuma ya kliniki. Kusema kweli, ngazi ile haikuwa na giza kabla yeye hajapita. Kwenye shaba palikuwa na vidoa vya bluu vilivyokataa kutoka hata kwa kisu, akaamua kuviita madini.

Mlango wa daktari ukafunguka. Akatoka mwanamke mzima mwenye pete za dhahabu na uso wa kugombana na dunia. Tumwite Bibi, kama mjukuu wake atakavyomwita akianza kusema. Mjukuu mwenyewe alikuwa amelala mgongoni kwa mama yake, mkwe wa Bibi, msichana mpole aliyebana kitabu cha hesabu kwapani.

"Mama, daktari amesema unaanza tena vidonge leo," alisema mkwe.

"Nianze tena kitu kilichotaka kuniua?"

"Mama yangu, kilichotaka kukuua ni zile dawa za magoti ulizokuwa unazibugia juu yake. Halafu hiki cha damu chenyewe leo unasahau, kesho unameza mara mbili. Tumbo likachanika, ukatapika damu, tukakubeba. Sasa kidonda kimepona, si wamekiona kwa kamera? Wamekupa na hiki kingine cha kulinda tumbo."

"Na nisipomeza?"

"Moyo wako unapiga bila mpangilio. Damu itaganda humo, ipande kichwani, upooze. Ni kimoja tu, kila jioni, wakati ule ule, mtu akikuona unameza."

"Mtu gani? Mume wako yuko barabarani na lori lake. Wewe jioni uko darasani."

Mkwe akatazama kitabu chake kidogo. "Nitaacha darasa."

"Thubutu! Sijatapika damu yote ile ili wewe ubaki bila cheti!"

Mkwe akaenda dirishani kuchukua dawa. Bibi akabaki benchini peke yake, anapumua kwa hasira, na machozi hayako mbali.

Bwana Pole alihesabu faida kimyakimya. Huyu anaogopa damu ikiwa nzito na anaogopa damu ikiwa nyepesi. Hofu mbili ndani ya mama mmoja mwenye dhahabu! Akasogea.

"Pole, mama."

"Asante, mwanangu," alisema Bibi, na blanketi likamfunika.

"Mimi mwenyewe mama yangu mzazi alikuwa hivyohivyo. Damu mara nzito kama uji, mara maji. Tukahangaika! Mpaka nikapata hii." Bangili ikametameta. "Damu ikizidi uzito, inaipunguza. Ikizidi wepesi, inaishika. Vidonge unaviweka kando."

Bibi akaipokea. Akaigeuza kwenye mwanga, akakwangua doa moja kwa ukucha, akalitazama kwa muda mrefu kuliko anavyotazama mnunuzi wa kawaida.

"Hii bluu ni nini?"

"Madini, mama. Hayapatikani ovyo."

"Naona," alisema Bibi. Uso wa kugombana na dunia ukayeyuka, ukaja mwingine, mtamu kama asali. "Mwanangu, Mungu kakuleta. Mimi ni mwenyekiti wa umoja wa wenye nyumba wa mtaa huu. Wenzangu wote wagonjwa! Huyu presha, yule moyo. Kila mmoja angechukua yake na ya mumewe. Ila ni watu wabishi, wanataka karatasi ya hospitali. Nivae hii mpaka nitakapopimwa tena. Damu ikitoka sawa, wewe lete gunia zima."

Bwana Pole akameza mate. Bangili ya kwanza akaitoa bure, kama mkulima anavyotoa mbegu.

Alipofika kona ndipo akili ilipomrudia. Damu itoke sawa? Kwa waya wa ngazi? Alitembea akirudi na kwenda, mtu wa haki kabisa aliyebanwa na ulimwengu usio na haki. Ili gunia liuzwe, karatasi lazima iwe nzuri. Ili karatasi iwe nzuri, huyu mama lazima ameze vidonge vyake vizuri kuliko mgonjwa yeyote nchini.

Jioni ile, redio zilipoanza kupiga muziki wa taarifa ya habari, alibisha hodi kwa Bibi, nyumba aliyoiulizia mtaani.

"Nimesahau kukueleza, mama. Bangili haishiki mpaka iamshwe. Inaamshwa na kidonge. Kinamezwa mbele yangu."

"Si ulisema niviweke kando?"

"Baadaye! Kwanza iizoee damu yako."

"Wewe ndiye mtaalamu," alisema Bibi kwa unyenyekevu, akameza.

Ndivyo mji ulivyopata muuguzi mkali kuliko wote waliowahi kuvaa sare. Kila muziki wa habari ukilia, Bwana Pole yuko mlangoni. Siku ya mvua alikuja mbio, viatu mkononi. Alikutwa akikagua mito, makabati, hata kopo la sukari.

"Hizi nini?"

"Za magoti tu, mwanangu. Yanauma."

"Magoti yanakandwa kwa maji ya moto! Hizi zitakufungulia kidonda upya!" Akazitupa chooni, akabandika sufuria, akakanda magoti mwenyewe huku akilalamika.

Jirani alipoleta chupa ya mizizi ya kusafisha damu, Bwana Pole aliinyanyua juu kama ushahidi mahakamani. "Umepima inavyopatana na dawa yake? Hujapima! Mji huu umejaa matapeli, mama, usipokee kitu cha mtu!"

Halafu, kwa sauti ya mtangazaji: "Choo cha leo kilikuwaje?"

"Kijana, huna adabu."

"Cheusi kama lami, yaani tumbo linavuja damu, au si cheusi?"

"Si cheusi! Tena mrudishe mtoto begani, analia."

Maana mtoto naye alikuwa kazi yake. Mkwe hakuacha darasa. Alimkabidhi mwanawe mlangoni, "Kaka, ameshakula, akilia mwimbie," na kuondoka na kitabu chake, anatembea kama mtu anayechelewa kwenye sherehe. Bwana Pole aliimba. Sauti yake ilikuwa mbaya, lakini mtoto hakuwa na kipimo kingine.

Siku ya kupimwa alikuja kliniki na gunia la bangili begani. Nesi alimtoboa Bibi kidole, akasubiri mashine, akatabasamu.

"Damu imekaa pale pale tunapotaka. Umefanyaje, Bibi?"

"Nimepata kijana," alisema Bibi.

Nje, Bwana Pole alikuwa anasugua viganja. "Karatasi hiyo hapo, mama. Wenye nyumba wako wapi?"

"Nifuate."

Wakazunguka nyuma ya kliniki, wakaingia kwenye nyumba moja, kwenye ngazi moja yenye giza. Miguu ya Bwana Pole iliitambua kabla ya macho. Bibi akawasha tochi ya simu. Kuta zilikuwa za bluu. Juu ya ukuta nyaya zilikuwa za bluu pia, zimekatwa, zinaning'inia. Bibi akavua bangili, akaiegemeza ukutani. Vidoa vikapotea ndani ya rangi.

"Nyumba hii ya wapangaji ni yangu. Tulipaka wenyewe, mimi na marehemu mume wangu. Pale juu waya ulikuwa umechubuka, shaba iko nje. Tukapaka vyote pamoja, kwa uvivu tu."

"Ulijua lini, mama?"

"Pale pale benchini."

"Mbona hukuita polisi?"

"Polisi wangekuja mara moja. Mimi nilitaka mtu wa kuja kila jioni. Nikajiuliza, nani hatachelewa hata siku moja? Ni yule anayesubiri kunila." Akamgonga begani kwa upendo. "Na mkwe wangu amefaulu hesabu."

"Na umoja wa wenye nyumba?"

"Mwenyekiti ni mimi. Mwanachama pia ni mimi. Gunia liache hapo, fundi anakuja kuurudisha waya wangu ukutani."

Bwana Pole aliondoka mikono mitupu, akiapa kwa sauti kwamba wema umekwisha duniani. Siku hiyo hiyo alihamia benchi la kliniki ya macho upande wa pili wa mji, ambako wateja, alifikiri, wasingekagua bidhaa kwa undani. Alishampata wa kwanza, alishasema "pole", blanketi linashuka, ndipo redio ya dukani ikapiga muziki wa taarifa ya habari.

Miguu ikasimama yenyewe.

Njiani alijieleza vizuri sana. Bangili ile ya kwanza aliitoa yeye, na mtu ana haki ya kufuata mali yake. Alifika akihema. Mkwe alikuwa mlangoni, kitabu kipya kwapani.

"Afadhali, kaka! Ameshakula," alisema, akampa mtoto, akaondoka haraka.

Ndani, Bibi alikuwa amekaa na bilauri ya maji, kidonge kiganjani, hajakimeza.

"Nimefuata bangili yangu," alisema Bwana Pole kwa ukali.

"Huyo uliyempakata ndiye anayo."

Kweli, mtoto alikuwa ameishika kwa mikono miwili, anamgonga nayo kifuani na kucheka. Bwana Pole akanyoosha mkono aichukue. Kisha akatazama kiganja cha Bibi.

"Meza kwanza," alisema.