Kinyanga Changu cha Haraka

Jumatatu, 8 Juni 1953, Mpofi
Nimefika kutoka Bihambwe kwa miguu. Malengelenge matupu! Papa yake Godelieve amenieleza wazi: hatoi binti kwa mwanaume asiyeweza kumsalimia koko kwa Kinyanga, lugha yao. Koko, bibi yake Godelieve, njo mama ya huyo papa, na neno lake njo la mwisho. Jumapili nitapimwa mbele ya ukoo. Hilaire pia anamtaka Godelieve. Muhunde kama mimi! Kila siku iko jikoni kwa koko, anamenya mihogo na kuuliza jina la kila kitu. Maskini. Mimi nina akili.

Jumatano, 10 Juni
Nimepata mwalimu! Papa Marcellin, mwindaji. Kijijini ni bubu kabisa. Porini, yeye na mbwa wake, anasema Kinyanga kutwa nzima, kwa sauti tamu. Nimejificha nyuma yake na kukariri kila neno. Maana? Nitauliza baadaye.

Ijumaa, 12 Juni
Nimemsikia Hilaire akikosea. Koko anamsahihisha, wanacheka wote wawili. Aibu gani hiyo! Godelieve, ambaye anasoma Kifaransa kwa masista, aliniuliza nimejifunza nini. Nikamwambia angoje Jumapili.

Jumapili, 14 Juni
Heri ningebaki Bihambwe. Ukoo wote uwanjani. Niliinama mbele ya koko, nikatoa maneno yote, kwa sauti tamu. Halafu mbwa wa kijiji kizima wakaja mbio, kengele zao za mbao za kuwindia zinalia, wakaketi miguuni pangu na kutoa ulimi. Kumbe Papa Marcellin porini husema na mbwa tu! Nilikuwa nimemwamuru koko anuse kichaka, asibweke, atapewa ini.
Papa yake Godelieve alitaka kunifukuza. Koko, machozi ya kicheko yanamtoka, akamzuia.
«Acha mutoto. Kesho akuje jikoni, nitamufundisha. Na yeye atanifundisha Kihunde. Niko na luga ine, bado hazinitoshi.»
Atachagua kati yangu na Hilaire wakati wa kuvuna maharagwe. Nimepona!

Jumatatu, 15 Juni
Nimemenya mihogo tangu asubuhi. Neno moja, muhogo mmoja. Polepole mno! Koko tayari ananisalimia kwa Kihunde. Godelieve amesema hataki mume anayechoka kujifunza, na yeye mwenyewe Kifaransa chake kinaendelea vizuri.
Hapo akili ikaamka. Nikiwa na Kifaransa, Hilaire amekwisha! Na padri ana kasuku anayesema Kifaransa kutwa nzima, kwa sauti tamu. Kesho nakwenda kukaa chini ya kizimba chake.
Maana nitauliza baadaye.