Kiti cha Shangazi Vesta

Jumatatu, 7 Oktoba

Shangazi Vesta Cogar kavunjika mkono. Kateleza kwenye ngazi za banda la kuku, mayai huku, yeye kule. Habari mbaya sana. Nimesikitika kutoka moyoni. Nimesikitika mpaka chakula cha mchana, kisha nikaanza kufikiri.

Jumamosi ni dansi ya mavuno kwenye ukumbi wa zimamoto. Tangu mimi mtoto, fidla ya dansi ni ya Shangazi Vesta, na kile kiti chake cha mbele hakikaliwi na mtu mwingine. Sasa mkono uko kwenye plasta. Kiti kitupu! Katangaza kwamba Alhamisi kila mwenye fidla aende barazani kwake, yeye atasikiliza na kuchagua.

Nakitaka kile kiti. Sijataka kitu hivi tangu nistaafu kiwanda cha mbao. Huu ni mwaka wangu wa pili na fidla na ninajua vibao vinne. Nadine, mke wangu, anadai ni kimoja, ila mimi hukianza kwa njia nne. Ndiye aliyenihamishia ghalani kufanyia mazoezi. Nimepazoea. Mabunda ya nyasi hayana maoni.

Tatizo ni moja na lina jina: Emory Spradlin, muuza gesi. Anajua vibao vya kila bonde la wilaya hii, na hapigi hata kimoja kabla hajakupa historia yake. Nani alikipiga, alikitoa kwa nani, na huyo nani alikuwa chongo. Mpaka ashike upinde, kahawa yako imepoa. Leo kanikuta dukani. Kaniuliza kama Alhamisi nitakuja kusikiliza. Kusikiliza! Nikamwambia tutaonana, ndugu yangu. Akacheka, akanigonga begani. Haya, tutaona.

Jumanne, 8 Oktoba

Njuga! Nilikuwa wapi siku zote? Fidla ya Shangazi Vesta ina njuga za nyoka ndani, zile za mkiani mwake. Ukiitikisa unazisikia. Wazee wote wa hapa wanazo, wanasema zinatia sauti utamu. Basi hiyo ndiyo siri, na mimi nahangaika na vidole.

Nikaenda kwa jirani yangu Harless, aliyeua nyoka mwenye njuga kwenye kuni zake majira ya joto. Harless hatoi kitu bure. Alitaka mitungi miwili ya jemu ya matufaha ya Nadine. Nadine hakuwepo. Nikatoa.

Nikazitumbukiza njuga kwenye tundu la fidla, nikapiga. Sauti ileile. Nikaitikisa, nikapiga tena. Ileile. Ila paka wetu alisikia. Aliruka kutoka dirishani, akaingiza mkono tunduni mpaka kwapani, akanasa. Akatimka na fidla yangu chini ya meza, mbao zinalia, paka analia, na mimi nililia kidogo. Nadine kaingia akanikuta nimelala kifudifudi nambembeleza paka aachie. Hakuuliza kuhusu paka. Aliuliza mitungi yake iko wapi.

Nimelala sebuleni.

Jumatano, 9 Oktoba

Mgongo unauma, akili inafanya kazi.

Wapiga banjo hawapendi kugusa vigingi vya kukazia nyuzi. Jambo hili kila mtu hapa analijua. Duara la wapigaji likishaanza kwa mkazo fulani wa nyuzi, hukaa hapohapo jioni nzima, maana banjo ikibadilishwa itakula nusu saa na ugomvi. Kwa hiyo fidla inayotangulia ndiyo inayochagua. Sasa sikiliza. Vibao vyangu vyote vinne ni vya mkazo mmoja. Vile vya Emory vya kujivunia, vile vya machongo, ni vya mkazo mwingine. Nikiwahi mimi, nikaanza mimi, Emory kafungiwa nje!

Nilicheka ghalani mpaka Nadine akaja kuchungulia. Akauliza, wewe Virgil, una nini? Nikamwambia muziki ni furaha. Akasema jemu pia ilikuwa furaha, akaondoka.

Alhamisi, 10 Oktoba

Niliwahi mno. Shangazi Vesta alikuwa bado anakula maharage. Akasema, “Mwanangu, hata kuku hawajaingia bandani. Kaa ule.” Nikala maharage na mkate wa mahindi, nikamsubiri Orval Bragg. Huyu ndiye mpiga banjo wetu, mtu anayepiga akiwa amefumba macho. Alipotokea na mkewe Lurleen mwenye gitaa, sikuwapa hata nafasi ya kusalimia. Nikaanza! Orval akakaza banjo kunifuata. Emory anafika, mlango umeshafungwa.

Baada ya muda Emory akaomba, kwa adabu zake zile, kama tunaweza kubadilisha. Orval akajibu bila kufumbua macho, “Labda mwakani, bwana.” Nilikunywa kahawa kuficha meno.

Kumbe! Emory ana gunia zima la vibao vya mkazo huuhuu. Gunia! Na kila kimoja na historia yake. Akapiga, akahadithia, akapiga, akahadithia. Na anapiga vizuri, sitadanganya kwenye daftari langu mwenyewe. Nikahisi kiti kinasogea mbali.

Zamu yangu ikafika. Desturi yetu ni kwamba anayeongoza ndiye anayemaliza. Ananyanyua mguu, wote wanauona, mnamalizia mzunguko huo na kuacha pamoja. Nalijua hilo. Lakini akili yote ilikuwa vidoleni na mguu nikausahau. Tukaenda. Tukaenda tena. Emory akakohoa. Orval ama alikuwa amelala ama ameokoka, huwezi kujua. Lurleen alinikazia macho kama mtu anayengoja mvua. Mwisho Shangazi Vesta mwenyewe akachukua fimbo yake, akaipitisha chini ya goti langu, akauinua mguu. Wote wakaacha.

Aibu! Nikaanza kufunga fidla niende zangu.

Shangazi akasema subiri. Akamwambia Emory, “Mwanangu, wewe unajua kila kitu, na ndiyo shida yako. Watu wamesimama ukumbini, miguu inawasha, wewe unawaeleza habari za marehemu. Watapoa.” Kisha akaninyooshea fimbo. “Huyu hajui kuacha. Dansi inataka mtu asiyejua kuacha.”

Kiti ni changu! Emory alitabasamu na midomo tu. Nimepewa agizo moja. Nimtazame Dallas, yule anayewatangazia wachezaji hatua za dansi. Dallas akivua kofia, ninyanyue mguu. Basi. Shangazi kasema, “Mguu tu, mwanangu. Hata mtoto anaweza.”

Nilimwimbia Nadine njia nzima kwenye simu. Kasema hongera. Kasema kweli, bila mzaha, na nikaona haya kwa ile mitungi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mtu hakai kwenye kiti cha Shangazi Vesta na mabuti ya ghalani. Nimenunua viatu. Vyeusi, ncha kali, visigino vya kugonga sakafu. Saizi yangu ilikuwa imekwisha, nikachukua ndogo yake. Muuzaji kasema ngozi hutanuka. Nadine kasema mguu haupungui. Wivu.

Nimefanya mazoezi ya kunyanyua mguu mbele ya kioo. Nanyanyua vizuri sana. Niliongeza na nyusi.

Nadine anapiga pasi gauni la buluu. Kauliza, mimi nikiwa kitini, yeye atacheza na nani? Swali sikulitegemea. Nikamwambia acheze na Emory, maskini, hana kazi. Nikacheka sana. Yeye hakucheka, alisema, “Haya.”

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimerudi. Viatu nimevua. Vidole vya mguu wa kulia sivitaji.

Nianze na zuri, kwa sababu lilikuwepo. Ukumbi umejaa, Orval kushoto, Lurleen kulia, mimi katikati, kwenye kiti. Dallas akaita watu washikane mikono. Nikaanza. Na ile sakafu ikajibu! Visigino vyote vya bonde vinashuka mahali pamoja, upinde wangu unakwenda wenyewe, sauti inatoka kwangu, inawapitia wao, inarudi kwangu kubwa zaidi. Ghalani haikuwahi kuwa hivi. Nilikuwa na furaha tele. Lile tu ningelipata, nisingedai zaidi.

Kisha kiatu.

Kilianza kubana kwenye kidole gumba. Kikabana. Kikauma. Nikainua mguu kidogo tu, kupumzisha. Banjo kimya! Gitaa kimya! Wamemaliza mzunguko wakaacha, na mimi peke yangu nalia na fidla. Wachezaji walikuwa katikati ya kurushana. Mke wa mchungaji alirushwa kwa mtu ambaye tayari alikuwa amesimama anapiga makofi. Akaishia mezani kwenye pai za maboga.

Dallas akaniangalia. Tukaanza upya. Kiatu tena. Mguu tena. Kimya tena! Safari ya tatu Dallas akashuka, akaniinamia sikioni. “Mzee, huo mguu una wazimu?” Nikamwambia ni ajali. Akasema ikitokea ajali nyingine atamwita Emory. Na Emory alikuwa pale mbele na fidla yake chini ya kiti. Alikuja kuburudika, eti.

Mapumziko yakaja. Wengine wanakunywa maji ya matufaha, mimi nafikiri. Viatu sivui, nina soksi yenye tundu. Basi mguu lazima ufungwe! Ukumbi wa zimamoto hauna shida ya kamba. Nikapata kipande, nikafunga kiatu kwenye mguu wa kiti, fundo la zimamoto lile ambalo ukilivuta linazidi kukaza. Nikashusha mguu wa suruali juu ya fundo. Hakuna aliyeona.

Kipindi cha pili. Safi! Mguu unauma lakini hauna pa kwenda. Nadine kapita mbele yangu na gauni la buluu, anazungushwa na Emory Spradlin, anacheka. Simkumbuki akicheka hivyo. Nikapiga kwa nguvu zaidi.

Dallas akavua kofia. Nikanyanyua mguu.

Haukunyanyuka.

Nikavuta. Fundo likakaza. Orval kafumba macho. Lurleen ameutumbulia macho mguu wangu, anangoja. Nikamkonyeza, akadhani namsifu, akaongeza mdundo. Dallas kavua kofia tena, kaipunga, kaitupa chini. Ningeacha kupiga? Kiongozi haachi tu ghafla kama redio iliyokatiwa umeme! Na hapa kwetu hutoki kwenye mstari kibao hakijaisha, ni utovu wa adabu, hata ukifa. Kwa hiyo wachezaji nao hawakutoka. Dallas aliishiwa na hatua za kuita, akarudia, sauti ikakauka, akakaa chini na kuonyesha kwa mikono. Bwana posta alikuwa anazunguka ulimi nje. Emory kageuka rangi ya karoti, lakini Nadine hakumwachia. Shangazi Vesta pale ukutani anafuta machozi kwa plasta. Nilidhani ni uchungu. Alikuwa anacheka.

Mwisho nikaamua. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, kiatu, kamba, kiti na mimi mwenyewe. Mguu ulinyanyuka! Kiti pia. Nikaenda kinyumenyume kutoka jukwaani, miguu yote hewani, tundu la soksi halikuonekana, namshukuru Mungu. Na wote wakaacha pamoja, mara moja, nukta moja. Shangazi Vesta kasema tangu azaliwe hajasikia mwisho uliolingana vile.

Mguu mmoja wa kiti umevunjika. Kiti chake.

Jumapili, 13 Oktoba

Shangazi kapiga simu baada ya kanisa. Nilipokea nimesimama, kwa heshima, na kwa sababu kukaa kunauma. Kasema dansi ya mwezi ujao itapigwa na Emory. Kamwamuru asifungue mdomo, na Emory kaapa.

Kiti kimekwenda. Iliniuma, sitaficha. Kisha Shangazi akasema aliniona mwanzoni kabisa, kabla ya mambo ya mguu. Kasema, “Pale ulikuwa unapiga, mwanangu. Kweli kweli.” Kwa hiyo nitakaa kando ya Emory, fidla ya pili. Siongozi, sitoi ishara yoyote. Kazi yangu ni kumfuata na kuuchunga mguu wake, akinyanyua niache. Nikasema ndiyo, Shangazi. Asante, Shangazi.

Nadine kasema huo ni wema nisioustahili. Nimpelekee Dallas asali ya koo, nimtengenezee Shangazi kiti chake, nimwombe radhi mke wa mchungaji, na niache vitimbi. Kasema Emory ni mchezaji mzuri, tena msikivu, na mwezi ujao Emory akiwa kitini, yeye Nadine hatakuwa na wa kucheza naye tena. Nikamwambia nimeelewa. Nimepata fundisho. Alinitazama kwa muda, akanikatia pai.

Kwa hiyo nichunge mguu wa Emory. Nitauchunga. Mwenye mguu ndiye mwenye dansi, hilo nimelishuhudia kwa macho yangu. Na asiyeweza kunyanyua mguu hawezi kumaliza, na asiyeweza kumaliza hapewi tena kiti kwenye dansi inayofuata. Nadine kanituma nikatengeneze kiti, kwa hiyo kesho nitakuwa ukumbini peke yangu, nina misumari na futi ya kupimia. Kiti changu kikisogezwa kidogo tu kulia, kisigino changu kinatua juu ya kiatu chake sawasawa.