Disketi Moja Inatosha

Jumatatu, 9 Novemba 1998

Kumekucha! Bwana Lukman, meneja wetu hapa kiwanda cha minofu ya sangara, katuita makarani wa masjala, mimi na Teodora. Kasema kompyuta imeshafika, makarani wawili wa nini tena? Abaki mmoja. Ijumaa wanakuja wanunuzi kukagua nyaraka za samaki. Atakayewaonyesha vizuri ndiye wa kubaki. Teodora kaendelea kuchapa. Mimi roho juu. Nimeshamtangazia baba mkwe kule Bujora kwamba mkuu wa masjala ni mimi. Atanicheka mpaka kaburini.

Jumanne, 10 Novemba

Mwanamke huyu! Nyaraka zote kazipanga ndani, kwenye tumbo la kompyuta. Halafu usoni mwa kioo kaweka vijipicha vyenye kimshale. Ukibonyeza kimoja, hati inafunguka. Kaniuliza kama nataka anifundishe. Nikamjibu nimeanza kugusa kompyuta yeye bado anasonga ugali kwao. Uongo mtupu. Kacheka, kaendelea na kazi. Dharau hizi!

Alhamisi, 12 Novemba

Teodora kaenda msibani Nyegezi. Nafasi ndiyo hii! Nimeburuta vijipicha vyote mpaka kwenye disketi. Vimeingia vyote, na nafasi imebaki tele. Yeye aliapa nyaraka hizi hazitoshi hata kwenye rundo la disketi. Kumbe mvivu tu. Kisha nikaingia tumboni, nikafuta kila kitu, na kapu la taka nikalimwaga. Vimshale vyake nimeviacha pale pale kiooni, asishtuke mapema. Kesho atabonyeza, atapata patupu, nami nitainuka na disketi yangu. Nimemwagiza mke wangu Dorcas anipigie pasi shati jeupe.

Ijumaa, 13 Novemba

Ole wangu.

Wageni wameketi. Teodora kabonyeza. Ikatokea picha ya tochi kiooni, inamulika huku, inamulika kule, inatafuta. Haikupata kitu. Bosi jasho likamtoka. Nikasimama, nikakohoa, nikasema wageni wasihangaike, nyaraka zote ninazo. Nikachomeka disketi. Nikabonyeza. Tochi! Nikabonyeza kingine. Tochi ile ile, kama sungusungu wanaosaka mwizi.

Teodora kanitazama, kaelewa yote. Kaniuliza mbele za watu: Ngosha, jalada likitoka rafuni, si tunaacha kadi ya kusema limekwenda wapi? Basi vimshale ndiyo kadi. Umebeba kadi, jalada umelichoma moto! Kisha kaenda stoo, karudi kakumbatia majalada ya karatasi, wageni wakasoma wakaridhika. Bosi kasema mwisho wa mwezi niage. Nimeona aibu, na roho inaniuma, sifichi. Dorcas kauliza ilikwendaje. Nimemwambia wageni walinishangaa sana.

Jumapili, 15 Novemba

Mungu hamtupi mja wake! Nikitoka kanisani nilipita Mirongo kwa Mbaruku, aliyefungua duka la intaneti. Nimemweleza masaibu yangu. Kanionyesha maajabu. Kiooni kuna maneno ya bluu yaliyopigwa mstari. Unabonyeza, unatokea Ulaya! Kurasa kwa kurasa za masharti ya samaki, yale yale wanayoyadai wanunuzi. Nikauliza nitazichukuaje zote hizi. Kasema niandike anwani ya kurasa hizo tu. Mstari mmoja! Teodora na vidole vyake angechapa mpaka Krismasi.

Nimeuandika kwenye kipande cha karatasi, nikakikunja, nikakitia mfuko wa shati. Sasa nimeelewa kosa langu: disketi ni mambo ya kizamani. Mbaruku kanikaribisha nirudi siku yoyote nizisome. Nirudi kufanya nini, na ninazo? Njia nzima nimetembea mkono kifuani, Ulaya isije ikadondoka.

Kesho asubuhi namkabidhi bosi. Maskini Teodora, na watoto wake wale, sijui ataomba kazi wapi.