Malalamiko Kuhusu Sakafu Yangu Kupandishwa kwa Jeki

Labasa, Jumatano

Kwako Bwana Kuar Deo, mwenye jengo letu, huko Auckland,

Kwa heshima zote, ni mimi Parmila Wati, fundi cherehani wako wa ghorofani, mpangaji wa mwaka wa kumi na moja. Sijawahi kukuandikia kulalamika, hata paa lilipochukuliwa na kimbunga. Ila sasa maji yamezidi unga.

Chini yangu umempangisha Apenisa, fundi magari. Ni mtu mwema, na kanisani kwao anaimba vizuri. Tatizo ni presi yake ya kukandamizia bushi, ndogo kama kiti cha mtoto. Bushi, kama hujui, ni mpira uliovishwa bomba la chuma, unaosukumwa kwa nguvu kwenye tundu la mkono wa gurudumu ili gari lisigonge mashimoni. Mkono wa gari dogo unaenea kwenye presi ile. Wa basi hauenei. Wiki hii ameletewa basi, naye akatafuta njia za kuizunguka presi yake. Njia zote zimepita kwangu.

1. Aliomba nafasi kwenye friza yangu, bushi zipoe zisinyae. Nikampa. Mume wangu Satish alitoa kifurushi akidhani ni nyama ya mbuzi, akakiyeyusha mchana kutwa.

2. Ameimaliza sabuni yangu ya vyombo kwa kupaka bushi ziteleze. Nilipomuuliza, alisema, "Grisi inakula mpira, Dada. Sabuni haina ubaya na mtu." Vyombo vichafu ni vyangu.

3. Hayo hayakutosha. Jana alisimamisha ule mkono juu ya kipande cha bomba, akaweka bushi kwenye tundu, jeki juu ya bushi, na kichwa cha jeki akakikita kwenye boriti. Boriti hiyo, Bwana Kuar, ndiyo inayobeba sakafu yangu. Akapiga jeki. Bushi ilikataa kushuka, kwa hiyo nyumba ikapanda.

Nilikuwa nampima Ranjini, bibi harusi wa Jumamosi. Cherehani ikaanza safari ya kwenda dirishani. Nikapiga kelele kwenye ufa wa mbao: "We Apenisa! Unaninyanyua!"

Akajibu, "Kidogo tu, Dada! Vidole viwili!"

Kana kwamba nimelalamikia kipimo.

4. Hili naliandika kwa aibu. Alisema, "Dada, hebu simama juu ya boriti, nyumba iwe nzito. Na wageni wako pia." Nilitaka kukataa. Lakini basi lenyewe ndilo litakalompeleka Ranjini na ukoo wake Savusavu, kupitia milimani, na bila bushi hizo linayumba kama mlevi. Ranjini akaanza kulia. Tukasimama: mimi, yeye, mama yake, na shangazi yake wa Seaqaqa, mwanamke aliyejaliwa mwili. Apenisa akaita, "Shangazi asogee katikati, tafadhali!" Akasogea. Paa! Bushi ikaingia. Tukapiga makofi, na mimi nikapiga. Ndipo nilipotambua kwamba mimi, mwenye cheti cha ushonaji, nimekuwa kifaa cha gereji.

5. Zimebaki bushi tatu.

Kwa hiyo naomba umnunulie Apenisa presi kubwa. Kama huwezi, umhamishe. Na kama hilo nalo ni gumu, basi uandike kwenye mkataba wangu kwamba naishi ndani ya presi, na yule shangazi atambuliwe rasmi kuwa sehemu ya jengo.

Nisalimie mkeo, watoto, na wote wa Labasa mnaokutana nao huko. Sisi tu wazima, tunapanda na kushuka.

Mpangaji wako mtiifu,
Parmila Wati

Nyongeza: Apenisa amepiga jeki tena sasa hivi, nami nikaenda kufunga mlango wa chumba cha kulala, ambao tangu tuhamie haujawahi kufika kwenye kitasa. Umefungika kwa kidole kimoja! Satish ameufunga na kuufungua mara ishirini, anacheka peke yake. Tafadhali usilete presi wala usimhamishe mtu. Mnunulie Apenisa jeki nyingine, hii haitoki tena chini ya boriti.