Sufuria Moja kwa Wiki Nzima

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka kabla wiki haijaanza kunichosha. Nilikuwa nimebana pini mdomoni, nashona pindo la gauni la watu, simu ikalia. Dada yangu. Nikazitema pini zote. Moja sijaiona hadi sasa.

Binti yake ameanguka kazini. Mpwa wangu huyu amepanga chumba hapa hapa uani, milango michache kutoka kwangu, anafanya kibarua cha kufungasha sabuni kiwandani. Alikuwa amesimama, mara akawa amelala juu ya maboksi. Muuguzi wa kiwanda kampima: damu imepungua. Kampa vidonge, kampa na maneno. Itakuwaje isipungue? Mtoto anaishi kwa biskuti na soda! Akishalipa chumba na nauli, kinachobaki hata panya hawezi kukiita akiba.

Sasa ole wetu. Ijumaa ya mwisho wa mwezi anapimwa tena. Damu ikiwa imepanda, wanampa ajira ya kudumu. Isipopanda, getini kuna foleni ya wasichana wenye damu ya kutosha. Na dada amesema, kwa ile sauti aliyorithi kwa marehemu mama, kwamba ama nimlishe mwanawe, ama atapanda gari aje amchukue, na mimi nitaueleza ukoo mzima nilikuwa nashona nini wakati mpwa wangu anakauka kama kuni.

Nikapiga magoti. Jibu likashuka hata kabla ya amina. Mtu mwenye imani haba angelitilia shaka. Mimi nikasema asante.

Jibu lenyewe: sufuria kubwa! Fundi cherehani hashoni sare za shule moja moja. Anakata zote siku moja, kisha anashona polepole. Kwa nini chakula kiwe na kiburi kuliko sare? Nitapika mara moja, tutakula wiki nzima. Mkaa kidogo, fedha kidogo, kelele kidogo.

Jumanne, 4 Machi

Nimempelekea habari njema. Nilimkuta ameketi kitandani, macho yamefifia kama tochi ya betri za mwaka jana. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema asante Mjomba, lakini mpango anao tayari. Maharagwe ataloweka usiku ili yasile mkaa mwingi. Mboga za majani fungu moja kila siku, azipike dakika chache tu. Yai likipatikana. Chungwa baada ya kula. Na muuguzi kamkataza chai wakati wa chakula, eti inazuia damu kujengeka. Anachokosa ni jiko tu, lake limetoboka, na tayari ameongea na Mama Pasi wapike pamoja na kuchangia.

Mama Pasi!

Huyo ni jirani yetu wa chumba cha pembeni, mjane, anapiga pasi nguo za watu. Mwaka jana alimwambia mteja wangu, mbele ya watu, kwamba suruali niliyomshonea haihitaji pasi, inahitaji maombi. Nimemsamehe kabisa. Namsamehe kila asubuhi nikimwona.

Nikamwambia mpwa wangu kwamba mwenye mjomba haombi jiko kwa jirani. Na habari ya chai aiache, mimi nimekunywa chai na kila mlo maisha yangu yote na bado napanda ngazi. Akaniangalia. Akanyamaza. Kunyamaza ni kukubali.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya sufuria. Nimeiazima kwa akina mama wa kanisani, ile ya kupikia wageni wengi. Waliuliza ni shughuli gani. Nikasema ni ya kifamilia.

Sokoni nilikwenda jua likizama, wauzaji wakiwa wanafunga, maana hapo ndipo mboga hushuka bei. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Najua. Lakini wahenga hawakuwa na mpwa anayepimwa damu. Nikapata kabichi yenye jeraha, karoti zilizopinda, na mchicha uliochoka kama mimi mwenyewe. Tukatazamana, tukaelewana.

Nikatia vyote pamoja, maharagwe na mchicha na kabichi, sawia, nikarudi kwenye cherehani. Nilipokumbuka, mchicha haukuwepo. Ulikuwa umegeuka rangi tu. Mama Pasi akapita na kapu la nguo, akachungulia, akauliza kama nimeanza kazi ya kutia vitambaa rangi. Sikumjibu. Mcha Mungu hajibizani. Moyoni nilimjibu kwa kirefu sana.

Nikaonja chumvi. Nikaonja tena. Mpishi asiyeonja ni mnafiki. Nilipokuwa nimeridhika na chumvi, sufuria ilikuwa imeshuka vidole kadhaa.

Nikampelekea bakuli limejaa, na kikombe cha chai nzito. Kabla hajala nikampima mkono kwa futi yangu ya kazini, ule mzunguko wa juu ya kiwiko. Nilikaza futi vizuri maana nilikuwa bado nina hasira na Mama Pasi. Nataka ushahidi. Dada haamini maneno yangu tangu utotoni.

Jumapili, 9 Machi

Mungu wangu, nihurumie.

Jana sufuria ilianza kutoa povu. Nikadhani ni nguvu inapanda. Nikapasha, nikaongeza ndimu, nikala. Kutupa chakula ni dhambi.

Leo katikati ya sala ya kimya, tumbo langu likazungumza. Si kunong'ona. Lilizungumza! Mchungaji akafumbua jicho moja. Nikatoka. Nikarudi. Nikatoka. Mwishowe mzee wa mlangoni akaniambia, kwa upendo, kwamba Mungu yupo hata nyumbani.

Lakini sikilizeni ajabu hii: mpwa wangu hana hata kikohozi! Nimekuta bakuli lake la jana limesafishwa likang'aa. Kala chote, na tumbo lake limetulia. Hii ndiyo tofauti ya ujana.

Kuku wa mwenye nyumba, kwa upande mwingine, wamelala kifudifudi chini ya dirisha la mpwa wangu, mabawa yamelegea. Kuna ugonjwa wa kuku umeingia uani. Nimewaombea.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwaga kilichobaki. Nimesugua sufuria hadi bega likauma. Haijarudi rangi yake. Nimewarudishia akina mama usiku, nikaiweka kifudifudi, nikaondoka kwa mwendo wa mtu mwenye haraka.

Lakini nimepima mkono tena na umeongezeka! Nusu inchi! Nikampigia dada papo hapo. Kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe ameniambia ahsante kaka.

Nikamweleza mpwa wangu kwamba mkono hausemi uongo. Akasema haya Mjomba. Huwa ananijibu hivyo siku hizi, haya Mjomba, kama mtu anayefunga dirisha taratibu.

Sasa mpango wa pili, maana sufuria nimeiacha kwa heshima. Maini! Kila mtu anajua maini huleta damu. Ni ghali, lakini fundi ana mikono. Nimekubaliana na mwenye bucha: nimshonee aproni yeye na msaidizi wake, anipe maini.

Jumatatu, 17 Machi

Aproni zimekwisha. Nimezipeleka.

Mwenye bucha akavaa. Akageuka. Aproni haikugeuka. Akamwita msaidizi wake, wakaingia wote wawili ndani ya aproni moja, wateja wakacheka hadi mmoja akasahau nyama yake. Nikaeleza kwamba mimi huwa naacha nafasi ya kupumua. Ndivyo nilivyofundishwa: pima mtu, kisha legeza vidole viwili, kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kugomba kwa kupumua. Mwenye bucha akasema sawa, na yeye atanipa maini yenye nafasi ya kupumua. Akanikatia kipande chembamba, nikikiinua juani naona barabara.

Nimekikaanga. Harufu, jamani! Nikaonja pembeni. Pembeni ikaisha, ikatokea pembeni nyingine. Maini hayana chumvi ya kueleweka, lazima mtu ahakikishe.

Nimemwambia mpwa wangu maini ni kesho. Akasema haya Mjomba.

Alhamisi, 20 Machi

Siku mbaya.

Dada alipiga simu kuuliza kuhusu huo mkono. Nilipimaje? Nikamwambia kama ninavyopima siku zote. Halafu akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kukohoa. Akauliza kama nimesahau suruali niliyomshonea marehemu baba, ambayo ilibidi aishike kwa mkono mmoja siku ya harusi yangu mwenyewe. Akauliza kama kweli naujua mkono wa mwanawe, au nimeupima na zile nafasi zangu za kupumua. Kisha akaacha kucheka, akasema anakuja kumchukua mtoto mapema, asingoje aibu ya kufukuzwa.

Nikaenda kupima upya. Safari hii nilikaza futi. Mama Pasi akasimama mlangoni na pasi yake mkononi, kama shahidi mahakamani. Mkono ni ule ule wa siku ya kwanza. Ule ule! Nusu inchi yote ilikuwa yangu mimi.

Mpwa wangu hakunicheka. Ningependa angecheka. Alisema polepole, Mjomba, nikirudi nyumbani sitatoka tena. Wataniozesha au watanipa duka la shangazi nikae humo hadi nizeeke. Akasema kazi ya sabuni si kitu kwa watu, lakini ndiyo kitu cha kwanza alichokipata bila kushikwa mkono. Akaniomba nimwambie mama yake angoje hadi siku ya kipimo. Tena, kama nampenda, nisipike chochote.

Nikampigia dada. Nikambembeleza. Hatimaye akasema atangoja, lakini begi lake lipo mlangoni.

Jioni niliketi kwenye cherehani nikikanyaga pedali, hakuna kitambaa chini ya sindano. Niliogopa kweli. Nikasali bila kuomba mpango wowote. Ikawa sala fupi kuliko zote.

Jumanne, 25 Machi

Sijapika. Siku ya tano! Mikono inawasha.

Nimegundua kwamba uani kunanukia vizuri kila jioni, kutoka upande wa chumba cha pembeni. Vitunguu na nyanya. Leo nimemwona mpwa wangu akitoka huko anapangusa mdomo, chungwa mkononi. Akashtuka. Akasema alikwenda kuchukua sare yake iliyopigwa pasi. Sare sikuiona, lakini mtoto huyu hasemi uongo. Anatembea kwa kasi sasa, na ngazi alizipanda bila kushika ukuta. Maini yana nguvu ya ajabu. Hata kwa kuyanusa tu!

Ijumaa, 28 Machi

Tangu alfajiri sikushona mshono ulionyooka. Kola nimeishonea kwenye mfuko. Dada alipiga, akakata, akapiga tena.

Alasiri geti likafunguka kwa kishindo. Mpwa wangu anakimbia! Damu imepanda! Muuguzi karudia kipimo kwa kutoamini. Amesaini ajira ya kudumu, karatasi kaibana kifuani. Alimkumbatia Mama Pasi kwanza, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa karibu na geti. Alikuwa pale tangu adhuhuri, sijui alikuwa anangoja nini. Kisha akanikumbatia mimi. Nililia. Nasema wazi, nililia kama mtoto. Dada naye alilia kwenye simu, akasema begi amelifungua.

Baadaye mpwa wangu akaja kukaa nami. Akasema ana la kuungama. Kwamba tangu ile Alhamisi ya kwanza alikuwa anapika na Mama Pasi. Wanachanga, wanaloweka maharagwe, mboga wanageuza mara mbili wanaipua, chungwa, vidonge vyake, chai hagusi. Chakula changu aliwapa kuku. Akaomba radhi, akainama kabisa.

Nikamwinua. Nikamwambia sijakasirika.

Masikini, ana roho nzuri mno! Mama Pasi ni mjane, hana mtu wa kumsifu, na mtoto ameona amgawie utukufu kidogo. Hadi kabuni na hadithi ya kuku. Kuku wale walikuwa wagonjwa, nimewaona kwa macho yangu. Sikumuumbua. Nikamwambia siri yake nitaitunza.

Jumapili, 30 Machi

Baada ya ibada mpwa wangu alitualika chumbani kwake, mimi na Mama Pasi. Amenunua jiko lake, dogo, jipya, bado lina karatasi ya dukani. Alitandika mkeka, akawanawisha mikono wakubwa kwanza. Maharagwe, wali, mboga, vipande vya chungwa kwenye sahani. Akasema kila kitu ni cha bei ya kawaida na amehesabu kitamtosha mwezi mzima. Mama Pasi akasema mkono wa binti huyu una baraka. Mimi nikaongeza mara ya pili, nikaongeza tena, kwa kumtia moyo tu.

Lakini hapa, shajara yangu, nitasema ukweli. Mboga ilikuwa bado ya kijani! Imeiva juu juu, unaitafuna inalia. Maharagwe kila moja limekaa peke yake, hayajuani. Nilimtazama mtoto anavyofurahi, nikanyamaza kwa upendo.

Kazi ameipata, Mungu asifiwe. Sasa kilichobaki ni kumfundisha kupika. Kesho nitakwenda mapema, kabla Mama Pasi hajaamka.