Bibi Yangu Amerudi Bila Kovu

Likasi

Kwa Mheshimiwa Docteur Constantin, munganga wa mashine ya sauti

Docteur,

Pokea salamu zangu za heshima, lakini uzipokee ukiwa umekaa, maana nimekasirika. Mimi ni Athanase, bwana wa Marceline, yule mama wa Likasi aliyekuwa na kansa kwenye ini. Ulituahidi kuiponda kansa hiyo kwa mawimbi ya sauti, bila kisu, na kweli ukafanya hivyo. Sasa ona ulichonifanyia.

1. Marceline alishuka kwenye taxi-bus kwa miguu yake mwenyewe. Shemeji zangu Guy na Casimir walikuwa wamekuja na godoro wambebe. Wakatangulia na godoro tupu kichwani, majirani wakaliona, wakajua amefia njiani. Kilio kikaanza kwenye lupango, uani kwetu. Marceline alipofika akaketi, akalia pamoja nao kwa adabu, mpaka alipouliza aliyekufa ni nani.

2. Kwetu mtu akitoka hospitali anatembelewa, na wageni wanaonyeshwa kidonda. Ndiyo desturi. Shangazi yake Marceline, Tantine Clotilde, alitoka Kapolowe na kuku wawili. Akamfunua kitenge, akatafuta mbele, akatafuta nyuma, akavaa miwani. Hakuna kitu! Akasema, "Miye siamini. Hawa watu walimuimbia tu." Akarudi Kapolowe na kuku wake. Docteur, wale kuku niliwaona kwa macho yangu. Siku ile tulikula bukari na majani ya sombe tu.

3. Jirani yetu Franck, mwenye baa, aliposikia kwamba sauti inaponya, aligeuza spika zake zitazame ukuta wetu. Nikilalamika, ananiuliza kama nataka bibi yangu afe. Sasa watu wanakuja kuzitegea migongo, na bia wanaiita dawa. Nilimweleza kwamba sauti ya munganga haisikiki kwa masikio, na inalengwa mahali pamoja tu, ndani ya mwili. Akajibu kwamba yake ni bora, maana mtu anaisikia.

4. Hili ndilo linaloniumiza. Kidonda kingekuwepo, ningekiangalia kila asubuhi. Ningekiona kinakauka, ningejua anapona. Sasa niangalie nini? Ngozi ni ile ile ya siku ya harusi yetu. Picha ya kumpima tena bado, ni mwezi ujao. Yeye anasema haumwi, nami akilala nasikiliza anavyopumua. Naogopa, Docteur. Naogopa sana.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu umrudishe kitandani, umkate kidogo tu, urefu wa kidole changu, na nyuzi nene zinazoonekana kutoka mlangoni. Ukishindwa, basi nitumie cheti cha kovu chenye mhuri, nikitundike sebuleni.

Nakuaga kwa heshima. Wasalimie wauguzi wote, na mlinzi wa geti aliyetuazima mwavuli, na hata mashine yenyewe, ijapokuwa hatuelewani.

Athanase, bwana wa Marceline

N.B. Marceline ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Alipofika kwenye cheti cha kovu alicheka mpaka akaanguka kwenye kiti, ameshika ubavu wa kuume, pale pale palipokuwa pakimliza hata akikohoa. Nilimrukia nikamuuliza kama panauma. Akapabonyeza kwa vidole, akapabonyeza tena, akaniangalia, akaanza kucheka upya. Docteur, nakuomba sana, usimguse na kisu.