Ekseli ya Mngoni

Siku Selestini alipoiona pikapu ya Shaibu ikikata kona sokoni Nachingwea, tairi za mbele zimetanuka kama miguu ya bata, alivua kofia. Si kwa heshima. Alivua apate kufikiri vizuri, maana riziki ikimpitia mtu mwenye akili haipigi honi.

Selestini alijiita Injinia. Gereji yake ilikuwa turubai, jeki na ulimi, na katika hivyo vitatu kilichokuwa kizima ni ulimi.

Shaibu alibeba korosho za watu kutoka Nambilanje, na kila mvua za kwanza zilipoiharibu barabara, pikapu yake kuukuu ilipiga magoti. Injinia akamsimamisha, akaingia uvunguni, akakaa humo muda wa kutosha kuonekana msomi, akatoka anatikisa kichwa.

"Kaka, hapa kila tairi la mbele linakwenda kwa akili yake. La kulia likiingia shimoni, la kushoto halina habari. Tunang'oa mikono yote hii inayoshika tairi, tunaweka ekseli nzima. Chuma kimoja, toka tairi hadi tairi, kama lori."

"Nimeiona kwenye simu," Shaibu akasema, macho yanang'aa. "Wazungu wanapandia mawe."

"Wao wanapanda mawe, wewe utashindwa na tope?"

Shaibu akaliona tope. Akawaona wenye pikapu wenzake wamekwama bondeni, wakulima wa Nambilanje wamekalia magunia yao huku mvua inakuja, na yeye peke yake anapita, anataja bei inayomjia kichwani. Moyo ukamjaa furaha. Tumsamehe, ni furaha ambayo wengi wetu tumeikosa kwa kukosa pikapu tu.

Malipo yalikuwa pikipiki ya Shaibu, mpya, ambayo bado ilikuwa na nailoni kwenye kiti.

"Na ukiniibia?" Shaibu akauliza.

"Kwani wewe kabila gani?"

"Myao."

Selestini akapiga makofi. "Mtani wangu! Mimi Mngoni wa Songea. Mngoni hamwibii Myao kwa siri, bwana. Anamnyang'anya mchana kweupe, na Myao anacheka!"

Shaibu akacheka, na hapo akawa ameshapigwa. Wayao na Wangoni walipigana zamani mpaka wakachoka, wakabakiwa na utani. Mtani hukutukana mbele ya wakwe, huondoka na kuku wako, na ukiwa na msiba yeye ndiye mtumishi wako na mchimba kaburi. Atakayekasirika ameaibika yeye. Shida ni moja: Songea yenyewe Selestini aliijua kwa dirisha la basi.

Kazi ikafanyika. Injinia hakung'oa kitu. Alikaza nati mbili mpaka pua ya gari ikainuka kwa majivuno, kisha akachukua bomba la maji lililotupwa, akalipaka rangi nyeusi na grisi nyingi, akaazima mashine, akalichomelea uvunguni kutoka upande hadi upande. Bomba halikubeba chochote. Lilikuwa pambo, kama hereni.

Shaibu alipokuja kuchukua gari alifuatana na shangazi yake, Bi Zuleha wa Nambilanje, mjane mwenye mdomo unaoogopwa hadi Ruangwa mjini. Shaibu akachungulia, akakiona chuma kinene, akatoa funguo ya pikipiki kwa mikono miwili.

"Ndiye huyu Mngoni?" Zuleha akauliza. "Mtumwa wangu! Nani kakuruhusu usimame mbele yangu umevaa viatu?"

Watu wakacheka, wakingoja jibu. Mngoni wa kweli angesema viatu hivyo aliviokota njiani siku babu zake Zuleha walipotimua mbio. Selestini akavivua.

"Samahani sana, shangazi."

Zuleha hakucheka. Alikuwa ameolewa na Mngoni, akamzika Mngoni, na katika ndoa yote hiyo hakusikia Mngoni akimwomba Myao msamaha.

"Haya, mtani," akasema polepole. "Umekuja wakati mzuri. Kwangu Nambilanje kuna ile kazi yenu watani. Usinifanye nitaje, unaijua mwenyewe. Twende leo."

Selestini alikuwa amepanga kulala mbali sana siku hiyo. Lakini pale pamejaa watu, na mtani anayekimbia msiba hajawahi kuzaliwa. Akashika kifua. "Jamani! Twendeni."

"Kaa mbele na Shaibu, ule utamu wa ekseli yako."

"Hapana, hapana. Nitafuata na pikipiki."

Zuleha akamtazama mpaka Injinia akainamisha kichwa, kisha akatoa simu, akanong'ona na watu wa Nambilanje.

Nambilanje walikuta wanawake wamekaa mkekani, kimya. Selestini akawapa mikono mmoja mmoja, chozi likamtoka. Chozi lake halikuwa na uvivu.

"Poleni sana, mama zangu."

"Asante, mtani. Tumepata shida kweli."

Akaonyeshwa mahali nyuma ya nyumba, akapewa sururu. Akaning'iniza shati kwenye mkorosho, funguo ikiwa mfukoni mwake, akaanza kuchimba. Shimo lilipomfika kiunoni akauliza kama panatosha.

"Mwenzetu ungechimba kidogo hivyo kwenu Songea?" Zuleha akauliza.

Akaendelea. Shimo likampita kifua, likampita kichwa, na mikono ikatoka malengelenge. Aliona ni la duara, akajiambia kila watu na dini yao. Hatimaye akasikia sauti ya kijana wa jirani, Faridi, kule juu.

"Bi Zuleha, haya mabati ya choo niyaweke wapi?"

Sururu ikasimama.

"Choo?" Injinia akauliza. "Na marehemu?"

"Marehemu gani? Cha zamani kimetitia kwa mvua. Nani amekwambia kuna mtu amekufa?" Zuleha akauliza, akiinama ukingoni.

Wanawake mkekani wakaangua kicheko kilichokuwa kimewabana tangu alipowapa mikono. Selestini akatazama juu. Funguo ya pikipiki ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kanga ya Zuleha.

"Shangazi, hiyo ni mali yangu!"

"Wewe ni Mngoni au si Mngoni? Kama ni Mngoni, mtani kachukua cha mtani; cheka, tukuteremshie ngazi. Kama si Mngoni, kaa humo tumwite mtendaji wa kijiji, utueleze ulimdanganya nini tena mtoto wangu."

Kutoka shimoni kikapanda kicheko chembamba, cha mtu anayecheka huku akilia.

Shaibu alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akanyoosha mkono kwa shangazi yake apewe funguo. Zuleha akaukunja ule mkono kwa upole.

"Hii sasa yangu. Ukiwa nayo utampa fundi mwingine."

Shaibu akanywea, lakini bado alikuwa na ekseli yake. Akamhurumia Injinia aliyesimama juu ya shimo, udongo mwili mzima. "Panda, mtani, nikurudishe mjini. Jua linazama na njia ni ndefu."

Selestini akaitazama pikapu. Akatazama bonde wanalopaswa kulishuka.

"Asante, kaka," akasema. "Nitatembea."

Akaondoka kwa miguu, haraka kuliko mtu aliyechoka. Shaibu akamtazama mpaka alipopotea kwenye mikorosho, na cheko likamkauka mdomoni. Akaokota jiwe, akaingia uvunguni, akaigonga ekseli yake nzima. Nambilanje yote ikasikia jinsi ilivyolia tupu.